Naam ya Mzee Makungu

Mimi ni dereva wa gari la ofisi, na dereva hasikii kitu. Ndivyo wakubwa wanavyodhani. Huingia garini, wakafunga mlango, wakazungumza utadhani usukani unajiendesha wenyewe. Kwa hiyo nayajua mengi, na mengi nimeyanyamazia. Hili la Khawla nimelinyamazia mwaka mzima na sasa limenichosha.

Jina la ofisi naliweka kapuni. Itoshe kusema kwamba kazi yetu ni kuwapokea wageni wanaokuja kuwekeza, na katika miaka hii wageni wetu wakubwa ni Wachina. Urafiki wao na Serikali ya Mapinduzi si wa jana. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo nilitibiwa sikio na daktari wa Kichina, hospitali ya Mnazi Mmoja, akanipa peremende, na mpaka leo nikiona Mchina mzee najisikia kumwamkia. Lakini zamani walikuja na dawa. Siku hizi wanakuja na ramani.

Khawla ndiye ulimi wetu. Binti wa Kiponda, ndani kabisa ya Mji Mkongwe, wa ukoo wa Kiarabu uliokuwa na mashamba ya karafuu na sasa una nyumba moja yenye ngazi mbovu. Mwembamba, mfupi, buibui lake halikosi pasi. Alisoma miaka minne kaskazini ya Uchina, kwenye baridi ya kugandisha maji ndani ya bomba, akarudi na lugha yao nzima kichwani. Akizungumza Kichina sauti yake huwa nzito, ya mtu mwenye uhakika, mpaka nikimtazama kwenye kioo nahisi nimempakia mtu mwengine. Akirudi kwenye Kiswahili anarudi kuwa yule yule, mwanamke mwenye woga.

Nasema mwenye woga bila ya kumtukana. Woga ulikuwa wa nyumba nzima. Gari haliingii Kiponda, basi kila asubuhi nilikuwa naliegesha Darajani, nakwenda kwa miguu kumchukua. Nikipiga hodi, kimya. Nikipiga ya pili, kimya, na huku nawasikia ndani wanatembea. Ya tatu ndipo bibi yake, Bi Ummkulthum, anapochungulia dirishani juu, ananikagua toka utosi mpaka viatu, halafu ananijibu "Karibu" kwa sauti ya chini. Muda mrefu nilichukulia kuwa ni dharau ya Waarabu kwa mtoto wa ng'ambo ya mji, Jang'ombe. Siku moja ikanitoka, nikamwambia Khawla waziwazi kwamba bibi yake ana maringo.

"Si maringo, Samir," akasema. "Kwetu sisi hatuitiki mwito wa kwanza."

Akanieleza. Mwaka wa Mapinduzi Bi Ummkulthum alikuwa na miaka kumi na moja. Baba yake, mwenye duka la mchele, aliitwa kutoka nje kwa jina lake kamili. Sauti aliijua, ilikuwa ya mteja wake. Akaitika "Naam," akavaa kanzu juu ya saruni, akatoka. Hakurudi, wala hapakuwa na kaburi la kulizuru. Tangu hapo katika nyumba ile mtu akiitwa hunyamaza kwanza, mpaka ajue nani anamwita na anaitiwa nini.

Sebuleni kwetu Jang'ombe kuna picha ya babu yangu na nishani kifuani, nishani ya Mapinduzi hayo hayo, na tumeifuta vumbi kwa fahari miaka yote. Sijamuuliza mtu babu alikuwa mtaa gani siku zile. Nikaanza kupiga hodi polepole zaidi.

Basi ukaja mradi wa Chwaka. Gati, na pembeni ya gati kiwanda cha kusindika mwani. Karatasi zake zilikuwa tamu kuzisoma: ajira, barabara, umeme usiokatika. Lakini mradi ulitaka ufukwe wote, kutoka kwenye mikoko mpaka pale wanapofunga ngarawa, na ndani ya ufukwe huo ndimo wanawake wa Chwaka walimochomeka vijiti vyao na kufunga kamba za mwani, miaka na miaka. Kiwanda cha mwani kingekaa juu ya mwani. Wachina wenyewe, na hapa niwape haki yao, waliweka sharti kwamba wenyeji kwanza waulizwe, na waseme kwa kinywa chao.

Siku ya kikao ilitandikwa turubai uwanjani, viti vya plastiki, spika mbili kubwa, kamera ya televisheni. Wanaume mbele, wanawake nyuma na vidole vyao vilivyokunjamana kwa maji ya chumvi. Upande wa wageni alikuwepo Mheshimiwa mmoja kutoka mjini, bosi wetu Wakil, na mkuu wa msafara wa Kichina, mhandisi aitwaye Bwana Shen. Mtu mpole huyu Bwana Shen, mwenye miwani, akikupa mkono anakupa yote miwili. Njiani kuja alikuwa na kijitabu cha maneno ya Kiswahili, anasoma kwa sauti nyuma yangu. "Jambo. Ahsante. Naam." Mimi nikacheka, nikamsifu. Laiti ningekitupa kile kijitabu dirishani.

Wa kuwasemea wenyeji alikuwa Mzee Makungu, mvuvi wa zamani wa miaka sabini na kitu, ambaye kamati ya pwani ilimchagua kwa sababu hana haraka na hana hasira. Mkewe, Bi Mwanamwema, ndiye mwenye kamba nyingi za mwani kuliko wote pale.

Bwana Shen alizungumza dakika kumi, Khawla akafasiri. Mwisho akasema kwa Kichina kwamba anataka mzee mwenyewe amwambie kama wameridhia kuuacha ufukwe. Khawla akageuka kumuuliza. Na kwa kuwa ni mtoto aliyefunzwa adabu, hakumrukia mzee na suali. Alimwita kwanza.

"Mzee Makungu!"

"Naam," akaitika mzee, akainua kichwa, akakaa sawa kusikiliza.

Sote chini ya turubai tulijua ile naam ni ya nini. Mtoto wa miaka mitatu anaijua. Ni naam ya nimesikia jina langu, haya sema. Lakini Bwana Shen alikuwa na kijitabu chake, na kijitabu kilikuwa na maana moja tu: ndiyo. Uso ukamchanua. "Naam!" akarudia kwa furaha. "Naam! Naam!" Akaanza kupiga makofi. Wachina wenzake wakapiga, Mheshimiwa akapiga, Wakil akasimama kabisa. Na Mzee Makungu, mtu wa heshima zake, kuona wageni wanapiga makofi naye akapiga, anatabasamu, huku anawatazama wenzake kuwauliza kwa macho kuna nini.

Khawla alikuwa ameshafungua mdomo. Mimi nilikuwa nimeegemea gari, hatua kumi tu, nikamwona. Suali lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Wakil akamtupia jicho moja, wala si la ukali, jicho la mtu aliyemaliza kazi mapema na anataka kwenda kula. Khawla akaufunga mdomo. Zilikuwa sekunde tatu, labda nne.

Tulipokuwa tunaondoka mzee akamfuata kwenye dirisha la gari.

"Mwanangu, umeniita nkaitika," akamwambia. "Hukunambia ulichoniitia."

"Bado, babu," Khawla akajibu. "Watakuja tena wakuulizeni."

"Haya. Maana mie nna la kusema."

Wageni walikuwa wamepanda gari jengine, tukabaki wawili. Tulipofika Dunga, nusu ya njia, nikamtazama kwenye kioo. Mikono ameibana katikati ya magoti.

"Samir, hakuulizwa," akasema.

"Nani?" nikajitia hamnazo.

"Usinifanyie hivo. Umeona. Mimi ndo sikumuuliza."

Nikampigia kelele, nakiri. "Una akili wewe? Mheshimiwa kashapiga makofi mbele ya kamera. Utamwambia nini, arudishe makofi yake? Nyamaza, mama. Wewe fasiri tu unachoambiwa."

Nilikuwa namwogopea yeye, ndivyo nilivyojiambia. Kweli ni kwamba nilikuwa najiogopea mwenyewe. Nilishasikia, na sasa kuna kitu nakijua, na nina watoto watatu wanaoitegemea kazi hii. Dereva anayejua kitu na dereva asiyejua kitu wanakaa kiti kimoja, lakini hawalali usingizi mmoja.

Jumatatu Wakil akamwita ofisini, akampa muhtasari wa kikao kwa lugha mbili, Kiswahili upande mmoja na Kichina upande wa pili. Kila ukurasa ulitaka saini ya mfasiri. Ukurasa wa nne ulisema: "Mwakilishi wa wenyeji aliulizwa iwapo wameridhia kuuacha ufukwe, naye akajibu: Naam." Khawla alinionyesha garini, kidole chake kiko juu ya mstari. Alisema kila neno pale ni kweli isipokuwa moja. Aliulizwa.

Alimwomba Wakil muda wa kuupitia Kichina chake. Wakil akampa mpaka Alkhamis, siku ya kutia saini mkataba wenyewe. Si mtu mbaya, Wakil. Ndiye aliyempa Khawla kazi wakati wengine walikuwa wanauliza jina la babu yake wa tatu. Lakini pale mlangoni alimwambia maneno haya: "Nakupendea kitu kimoja, Khawla. Hujapata kunitia tabuni hata siku moja." Pengine alikuwa anamsifu. Khawla alishuka ngazi za ofisi ameshika ukuta.

Siku tatu zile niliona mtu anavyoliwa na hofu. Alikuwa hali. Chai inapoa mbele yake, anaimwaga, anaomba nyengine, nayo inapoa. Simu ikilia anaitazama tu mpaka inyamaze. Akaniambia kuna mwanamume mwenye miwani myeusi anakaa baraza ya nyumba inayoelekeana na yao, siku ya pili sasa, hana kazi anayofanya. Tukawa tunapita kichochoro cha nyuma, mimi na yeye, tunanyatia kama wezi wa kuku. Jumatano nikajipa moyo nikamwendea yule mtu, nikamwamkia. Kumbe ni fundi bomba, anamngojea mwenye nyumba anayempiga chenga.

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Maana asubuhi ile ile mimi mwenyewe niliichomoa redio ya gari na kuchungulia nyuma yake, sijui nilikuwa natafuta nini. Niseme haki: hakuna mtu aliyetutisha, hata kwa neno moja. Tulijitisha wenyewe, na tulikuwa hodari.

Jumatano hiyo hiyo, baada ya alasiri, Bi Ummkulthum aliniita juu kwa mara ya kwanza. Nilipanda ngazi moja moja. Alinitilia kahawa kwa mkono wake, akaniweka karibu na dirisha, kisha akamgeukia mjukuu wake, kana kwamba mimi nimeitwa niwe shahidi.

"Tia saini," akamwambia.

"Si kweli kilichoandikwa, bibi."

"Kweli! Baba yangu alikuwa mkweli katika mtaa huu, hakupunja mtu kibaba. Ukweli wake ulimfaa nini?" Hakupandisha sauti. Nadhani mwanamke yule hakupata kupandisha sauti tangu ana miaka kumi na moja. "Nyumba hii tumebaki nayo kwa sababu tumejua kunyamaza. Wewe kesho ukiitwa, nani atakwenda kuuliza ulikopelekwa? Huyu?"

Alikuwa ananionyesha mimi. Nikatazama kahawa yangu. Nilitaka kusema ndiyo, bibi, mimi nitakwenda, na neno likakataa kutoka. Aibu ile ninayo mpaka leo.

"Bibi," Khawla akasema, na sasa alikuwa analia, "yule mzee kaitwa jina lake, kaitika kwa adabu, hajui alichoitiwa. Safari hii aliyekuwa nje anaita ni mimi."

Bi Ummkulthum alikuwa ameshika tasbihi. Haikutembea. Mwisho akasema: "Basi kesho usile kitu kabla ya kwenda. Utatapika." Akainuka akakusanya vikombe.

Alkhamis asubuhi nilitumwa Chwaka kumchukua Mzee Makungu. Ofisi ilikuwa imempelekea kanzu mpya na kofia ya viua, na kanzu ilikuwa kubwa mabegani. Nikamwamkia, akaitikia "Marahaba," akakaa mbele pamoja nami. Bi Mwanamwema alimtengeneza kola kupitia dirishani, akamwambia asisahau.

"Leo ndo nnaulizwa?" akanambia tulipoingia barabara kubwa.

"Inshallah, mzee." Sikuwa na ujasiri wa zaidi ya hapo.

Akaanza kufanya mazoezi ya maneno yake, polepole, anahesabu kwa vidole. Gati tunalitaka. Kiwanda tunakitaka, vijana wetu hawana kazi. Lakini wachukue upande wa mikokoni, watuachie upande wa ngarawa, maana mwani haukui kila mahali, unachagua maji. Wakija na sisi wakati wa bamvua, maji yakijitoa, tutawaonyesha kwa mguu hasa wapi. Alisema yote mara mbili, hakukosea. Nikawaza kwamba ni maneno ya dakika moja, na hakuna mtu wa akili angeyakataa. Nikaogopa zaidi.

Ukumbi ulikuwa wa hoteli moja Mji Mkongwe, upande wa baharini. Bendera mbili mezani, maua, chupa za maji, waandishi na kamera zao. Mimi nilisimama ukutani pamoja na madereva wengine. Mzee Makungu aliwekwa safu ya mbele, mikono juu ya mapaja. Khawla alikaa mezani baina ya Bwana Shen na Mheshimiwa, na muhtasari uko mbele yake, haujatiwa saini. Wakil alishamwonyesha kwa kidole mara mbili.

Mheshimiwa alizungumzia udugu wa nchi mbili tangu Mapinduzi mpaka leo, akapigiwa makofi. Kisha Bwana Shen akasimama na kusema, Khawla akamfasiri, kwamba katika safari yake yote hapakuwa na kitu kilichomgusa kuliko neno moja la mzee wa Chwaka. Akamwinamia Mzee Makungu. Mzee akasimama nusu, akamwinamia na yeye.

Hapo Khawla alitakiwa aendelee. Hakuendelea. Alimgeukia Bwana Shen, akaanza kusema Kichina peke yake, bila ya Kiswahili. Ukumbi mzima ukangoja tafsiri, haikuja. Ile sauti yake nzito ilikuwa haitikisiki, lakini nikaona maji yanacheza ndani ya chupa iliyo mbele yake. Baadaye ndipo aliponieleza alichosema: kwetu mtu akiitwa huitika naam, maana yake nimesikia jina langu. Mzee huyu nilimwita, sikumuuliza. Karatasi hii inasema aliulizwa. Hakuulizwa, na kosa ni langu.

Bwana Shen alivua miwani. Aliwatazama wenzake, ambao walielewa kila neno, kisha akazitazama kamera. Nilimwona ameogopa. Sikutegemea, lakini nauona woga popote ulipo, nimeshakuwa fundi. Naye ana wakubwa zake huko kwao, wamekaa wanangoja simu. Akavaa miwani, akasema maneno machache kwa sauti ya chini.

"Bwana Shen anasema," Khawla akatangaza, "anaomba mzee aulizwe sasa."

Wakil alinyanyuka kidogo kwenye kiti, akakaa tena. Tabasamu lilikuwa bado lipo usoni ila halikuwa na mwenyewe.

Khawla akauliza. Aliuliza suali zima, kwa Kiswahili safi, hakuruka kitu: ufukwe wote, kutoka mikokoni mpaka kwenye ngarawa, kwa miaka thelathini na tatu ya mkataba, je, wewe na wenzako mmeridhia?

Mzee Makungu akasimama. Maneno yake nilikuwa nayajua, nikayasema moyoni ili nimsaidie. Gati tunalitaka. Kiwanda tunakitaka. Lakini. Sema, mzee. Alimtazama Mheshimiwa, na Mheshimiwa akamtikisia kichwa kwa upole kabisa. Akamtazama Wakil. Akaitazama kamera iliyomsogelea karibu na uso, na taa yake nyekundu. Akaitazama meza, bendera, kalamu mbili za dhahabu zilizokwisha kufunguliwa. Viganja akavifuta kwenye ile kanzu ambayo haikuwa yake.

"Nimeridhia," akasema.

Khawla hakufasiri. "Babu, sema utakalo," akamwambia. "Lolote. Wanakusikiliza."

"Nshasema, mwanangu." Alikuwa ameshaanza kukaa. "Wakubwa washapiga makofi. Nimeridhia."

Khawla akafasiri. Kwa Kichina lilikuwa neno fupi sana. Makofi yakapigwa mpaka vioo vya madirisha vikatikisika, na yeye akavuta karatasi akatia saini, ukurasa kwa ukurasa, maana sasa kila kilichoandikwa kilikuwa kweli.

Nje, kwenye ujia, Wakil alimfuata Khawla. Nilijua sasa Khawla anamwaga unga, nikajisogeza pembeni nisionekane. Wakil akamshika bega, akapumua. "Umenitoa roho," akasema. "Lakini umefanya la maana sana. Ile naam ya mwanzo mtu angeweza kuja kuitilia shaka. Sasa mkataba hauna doa." Akampa chupa ya maji, akaenda zake kula. Mwezi uliofuata Khawla alipandishwa cheo.

Siku ile ile ya mkataba aling'ang'ania aje nasi kumrudisha mzee. Akakaa nyuma, mzee mbele, kofia ameiweka mapajani. Sikufungua redio. Nilikuwa nautazama mkono wa mzee, vidole vile alivyohesabia maneno asubuhi, vimelala tu.

"Maneno nlikuwa nayo," akasema ghafla, hakuna aliyemuuliza. "Samir kayasikia. Nimesimama pale nkayatafuta, sikuyaona."

"Yalikuwa mazuri, mzee," nikasema.

"Mngekuja pwani. Pwani ningeyaona." Akageuza uso dirishani. Nyuma Khawla alikuwa analia bila ya sauti, nilimwona kwenye kioo, nikakigeuza kioo.

Tulifika Chwaka maji yamejitoa mbali. Wanawake walikuwa wanapanda kutoka pwani, mafurushi ya mwani kichwani, yanawachuruzikia mabegani. Bi Mwanamwema aliliona gari, akaja mbio mbio kwa kadiri mzigo ulivyomruhusu.

"Wamekuuliza?" alianza kabla mzee hajashuka.

"Wameniuliza."

"Wallahi? Ukawaambiaje?"

Mzee Makungu alishuka, akafunga mlango wa gari polepole. Akampita mkewe, akashika njia ya nyumbani, na ile kanzu inaburura nyuma yake mchangani. Bi Mwanamwema alimtazama mpaka akaingia ndani. Kisha akamgeukia Khawla.

"Wewe ndo mwenye kazi ya kufasiri," akamwambia. "Mume wangu kasema nini?"

Khawla alinitazama mimi. Mimi nikatazama usukani.

"Kasema ameridhia, Bi Mwanamwema."

"Ameridhia nini?"

Ikabidi amfasirie yote, kutoka mikokoni mpaka kwenye ngarawa, na wale wanawake wengine wakasogea, mizigo ingali kichwani, wasikilize.